Luteni anapokuwa kapteni wa ndege: maana ya afisa mdogo wa anga

Ukisikia mtu akiitwa "kapteni" pale kambi ya wanamaji ya Mtongwe, usidhani lazima ana chombo cha kuongoza. Katika Jeshi la Ulinzi la Kenya neno hilo kwanza ni cheo, kwa sababu wanamaji na wanaanga wetu, yaani askari wa jeshi la anga, hutumia majina ya vyeo yale yale ya jeshi la nchi kavu. Luteni usu ana nyota moja begani, luteni mbili, kapteni tatu. Hao ndio maafisa wadogo; kuanzia meja ni ngazi nyingine. Wanaanga wa Uingereza wana majina yao tofauti, na anayesoma habari za kule hupotea upesi.

Udogo huu si wa umri. Luteni ni afisa kamili mwenye kamisheni, yaani idhini ya kuwa afisa, ya Rais, ambaye Katiba ya 2010 inamtambua kuwa Amiri Jeshi Mkuu. Sajini aliyemzidi miaka kumi na tano kazini humpigia saluti na kumwita afande.

Katika kuongoza ndipo afisa mdogo wa anga anapoachana na mwenzake wa nchi kavu. Yule hukabidhiwa platuni, watu kama thelathini. Huyu akiwa rubani, pengine ana watu watatu au wanne nyuma yake, lakini anaweza kupewa jukumu la kapteni wa ndege, yaani mwenye kauli ya mwisho juu ya ndege hiyo, na hilo halifuati nyota za begani. Tuseme helikopta iko tayari kuondoka uwanja wa ndege wa Moi, Port Reitz, kwenda Lamu, na meja ni abiria. Mawingu yameshuka, mvua ya masika inakaribia. Luteni akisema, "Afande, kwa hali hii hatuwezi kuruka," basi haruki mtu. Meja anaweza kuuliza sababu, na wakishafika kambini anaweza kumshtaki kwa wakubwa. Ila akiwa abiria, cheo chake hakimpi usukani.

Kwa watu wa Pwani hili si geni. Tajiri mwenye jahazi akipanda chombo chake mwenyewe, tanga hupandishwa na kushushwa kwa kauli ya nahodha. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hata neno rubani lilikuwa la bahari kabla ya kuwa la anga: mwaka 1498 Vasco da Gama alipata rubani Malindi wa kumvusha hadi India, na leo meli kubwa zikiingia Kilindini bado hupandwa na rubani wa bandari.

Akiwa chini, afisa huyu ana kazi nyingi ambazo raia hawazioni. Huwa afisa wa zamu usiku, huandika ripoti za askari walio chini yake, husikiliza aliyefiwa na anayeomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Kazi hizi hazina sifa, lakini kwangu ndizo zinazomwonyesha kiongozi mapema zaidi kuliko urukaji.

La mafundi ndilo zito kuliko yote. Rubani hakabidhiwi ndege ya jeshi kwa maneno tu. Fundi huikagua, huandika katika daftari la ndege hiyo kilichotengenezwa na kilichobaki, kisha hutia sahihi. Rubani husoma, huizunguka ndege yote kwa miguu, naye hutia sahihi ya kuipokea. Kuanzia hapo dhamana ni yake. Luteni amejifunza injini hiyo darasani na kwa saa chache za kuruka. Sajini aliye fundi ameifungua na kuifunga kwa miaka. Kamisheni inamruhusu luteni kumwamuru sajini, lakini haimpi masikio ya sajini. Kwa hiyo fundi akiinua mkono na kusema, "Afande, mlio huu siupendi," luteni anayefaa kupewa ndege huzima injini kwanza, ndipo amuulize amesikia nini.