Nilitumia kondomu, mbona bado nina hofu?

Siku nne zilizopita nililala na mtu ambaye sijui hali yake. Kondomu tulitumia na haikupasuka, lakini tangu hapo sipati usingizi. Nikapime VVU kesho?

Ukipima kesho, majibu yatakuonyesha hali yako ya kabla ya usiku ule. Usiku wenyewe bado hauwezi kuonekana kwenye damu. Si vibaya kupima kama hujapima muda mrefu, ila usitegemee kipimo hicho kikuondolee hofu hii.

Swali la maana zaidi ni hili: kondomu ilivaliwa kabla sehemu za siri hazijagusana, ikakaa mahali pake mpaka mwisho? Kama ndiyo, uwezekano wa kupata VVU ni mdogo mno. Virusi havipenyi mpira wa kondomu nzima.

Huenda ilipasuka na sikuona?

Watu wengi huhangaika na tundu dogo wanalolidhania tu. Kondomu ya kiume ikipasuka kwa kawaida huonekana: mpira umechanika wazi, pengine pete imebaki shinani mwa uume peke yake. Yanayopita kimyakimya ni mengine: kuivaa katikati ya tendo, au kuchelewa kutoka mpaka uume ukalegea na kondomu ikabaki ndani. Mafuta ya kupaka mwilini nayo hudhoofisha mpira wa lateksi, kwa hiyo tumia kilainishi cha maji. Na wale wanaovaa mbili kwa pamoja wakidhani wamejikinga mara mbili waache, zinasuguana.

Na kama kweli ilipasuka au ilichomoka?

Hapo usikae kusoma makala, hata hii. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukaulizie PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya kuwa hatarini. Zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, mapema kadiri iwezekanavyo, na humezwa kwa siku 28 bila kuruka. Kama kuna uwezekano wa mimba, ulizia pia vidonge vya dharura; navyo vina ukomo, siku 5, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake.

Kwa hiyo kondomu huzuia kila kitu?

Hapana. Kisonono, klamidia na VVU husafiri hasa kwenye majimaji ya mwili, na huko kondomu hufanya kazi nzuri. Malengelenge ya sehemu za siri, kaswende na virusi vya HPV (vile vinavyoleta vinyama sehemu za siri na saratani ya mlango wa kizazi) vinaweza kuambukizwa kwa ngozi kugusa ngozi, ikiwemo ile ambayo kondomu haikuifunika. Halafu kuna mdomo. Watu husema "tulijikinga" wakimaanisha tendo la uke au la nyuma tu, kumbe kisonono hukaa hata kooni. Hii ndiyo sababu naona kupima bado kuna maana, hata baada ya kondomu.

Basi nipime lini?

Kisonono na klamidia, baada ya wiki 2 hivi, kwa mkojo au ute. Kama ulitumia mdomo, omba kooni napo papimwe. Kipimo cha maabara cha VVU kinachotafuta kingamwili (askari ambao mwili hutengeneza dhidi ya virusi) pamoja na antijeni (kipande cha kirusi chenyewe) kwa damu ya mshipani hutosha baada ya siku 45. Kile cha haraka cha tone la kidoleni, subiri siku 90. Kaswende nayo huweza kuchelewa hadi miezi 3, basi zipime pamoja. Aliyemeza PEP ataelekezwa na mhudumu tarehe zake, maana dawa hubadilisha hesabu.

Usijinunulie antibayotiki "za kuzuia" wakati unasubiri. Zinaweza kuficha ugonjwa kwenye kipimo, na kisonono tayari kimezoea dawa nyingi.

Nimepima kwa wakati wake, majibu ni hasi, lakini koo linawasha na ninatoka jasho usiku. Nirudie?

Kama hakujatokea tukio jipya, kurudia VVU hakutaongeza kitu. Hofu yenyewe hukosesha usingizi, hutoa jasho na kukausha koo, na mtu anayejikagua kila asubuhi hakosi kuona kipele. Jasho likiendelea, mwone daktari kwa jasho hilo. Lina sababu nyingi. Kidonda sehemu za siri, hata kisichouma, usaha, au maumivu wakati wa kukojoa ni habari nyingine: vionyeshe kwa mhudumu mapema, hata kama vimekwisha kupotea. Na ukijikuta unapima kila wiki, mweleze mshauri nasaha hofu hiyo jinsi ilivyo, pamoja na lile linalokusumbua kuhusu usiku ule, kwa sababu mara nyingi si kondomu.