Dhana potofu kuhusu kumbukumbu za maisha ya kabla

Ukikaa saluni Sinza au kwenye foleni ya mwendokasi, haupiti muda kabla hujaisikia simu ya jirani ikihubiri: kama unaogopa maji, ulikufa maji katika maisha yako yaliyopita; kama unapenda vitu vya kale, ulikuwa binti wa sultani. (Ajabu ni kwamba hakuna aliyewahi kuwa mpagazi.) Kuzaliwa tena katika mwili mwingine baada ya kufa ni imani ya mamilioni ya watu, na dini ya mtu siiingilii. Nabishana na madai mawili tu: kwamba kumbukumbu za maisha ya kabla ndizo zinazoendesha tabia zetu, na kwamba sayansi imeshathibitisha hivyo.

Dhana: Hofu isiyo na chanzo imetoka maisha mengine

Chanzo kinaweza kuwepo bila mwenyewe kukikumbuka. Tuseme kuna msichana wa Kigamboni ambaye pantoni ikianza kutetemeka tu pale Magogoni, anashika chuma mpaka vidole vinamuuma. Hajawahi kuzama. Lakini Julai 2012, MV Skagit ilipozama ikitoka Dar kwenda Unguja, alikuwa mtoto wa miaka miwili, nyumba ina msiba, na mama anashtuka kila boti inapotajwa. Watu wazima wengi hawakumbuki lolote la kabla ya miaka mitatu, ila woga waliojifunza wakati huo unaweza kubaki.

Mwaka 1911 daktari wa Uswisi, Édouard Claparède, aliandika habari za mgonjwa wake aliyeshindwa kutunza kumbukumbu mpya. Kila wakikutana ilibidi ajitambulishe upya. Siku moja alificha pini kiganjani, wakapeana mikono, ikamchoma. Walipokutana tena mgonjwa hakukumbuka kuchomwa, lakini mkono wa daktari aliukataa. Kwa hiyo kumbukumbu zilizojificha zipo na zinatuendesha kweli. Ni za maisha haya haya.

Na hofu ya namna hiyo hutibika kwa kumzoesha mtu polepole: leo asimame Feri aangalie tu, siku nyingine apande saa isiyo na msongamano, mpaka moyo uache kwenda mbio. Hakuna haja ya kujua alikuwa nani miaka mia mbili iliyopita.

Dhana: Hipnosisi hufungua kumbukumbu hizo

Hapa ndipo watu wanapoliwa pesa. Kisa maarufu kuliko vyote kilianza 1952 huko Pueblo, Colorado. Mfanyabiashara Morey Bernstein alimtia hipnosisi, yaani alimtuliza kwa maneno mpaka akawa kama yuko usingizini, mama wa nyumbani Virginia Tighe, naye akaanza kuongea kwa lafudhi ya Kiairishi: yeye ni Bridey Murphy, kazaliwa Cork 1798, kafa Belfast 1864. Kitabu kilipotoka 1956 Marekani nzima ilipagawa. Waandishi wa habari walitafuta Ireland wasipate rekodi yake. Hilo pekee halitoshi, maana usajili wa vizazi na vifo kule ulianza 1864. Lakini wenzao wa Chicago, alikokulia Virginia, waligundua kwamba utotoni nyumba yao ilitazamana na ya mama mmoja wa Kiairishi. Jina lake: Bridie Murphy Corkell.

Si lazima Virginia awe alidanganya. Mtu aliye kwenye hipnosisi hujitahidi kumridhisha anayemuuliza, na ubongo huokota vipande vya zamani ukavishona hadithi. Mwanasaikolojia wa Kanada, Nicholas Spanos, alionyesha kwamba watu walioambiwa mapema kuwa watoto wa zamani waliteswa sana, walirudi na "maisha" yenye mateso zaidi. Mmoja wa washiriki wake alijitangaza kuwa Julius Caesar, mfalme wa Roma mwaka 50 baada ya Kristo. Caesar aliuawa mwaka 44 kabla ya Kristo.

Dhana: "Hapa nimewahi kufika" ni ushahidi

Unafika magofu ya Kaole mara ya kwanza, ghafla kila kitu unakijua. Ubongo umetoa ishara ya mazoea pasipostahili, basi. Hutokea kwa watu wengi, zaidi vijana na waliochoka. Ikikujia mara kwa mara ikifuatiwa na kupotewa na fahamu, mwone daktari. Huenda ni kifafa.

Dhana: Kuna daktari Mmarekani amethibitisha

Anayetajwa ni Ian Stevenson wa Chuo Kikuu cha Virginia, aliyefariki 2007. Alikusanya visa zaidi ya elfu mbili vya watoto wanaosimulia maisha ya mtu mwingine, na kazi yake si ya kudharauliwa. Ila visa vingi vilitoka kwenye jamii zinazoamini tayari, na mara nyingi familia ya mtoto na ya marehemu zilishakutana na kusimuliana kabla yeye hajafika na daftari. Mwenyewe hakusema amethibitisha. Na hizo hipnosisi hakuziamini.

Dhana: Haya ni mambo ya mahekalu ya Wahindu ya Kisutu, sisi hayatuhusu

Mbona bibi zetu wanasema mtoto "analilia jina"? Mtoto halali, yanatajwa majina ya marehemu moja moja, akinyamaza kwenye la babu, babu amerudi. Marehemu John Mbiti, msomi wa Kenya, aliandika kwamba Waafrika wengi huamini kinachorudi ni baadhi ya sifa za marehemu, si mtu mzima mzima. Kwa upande wa mwili, kilio cha kichanga hupanda hadi kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua kikiwa na jina au bila jina. Kumpa la babu hakuna ubaya. Ila akiwa na homa au akikataa ziwa, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, majina yatasubiri.