Si ushindi peke yake unaotutoa machozi

Imezoeleka kusemwa kwamba michezo hutugusa kwa sababu tunapenda washindi. Si kweli. Oktoba 20, 1968, Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki jijini Mexico kwa saa 2 na dakika 20. Zaidi ya saa moja baadaye, giza limeshaingia, Mtanzania John Stephen Akhwari, aliyeanguka njiani na kuumia goti, aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji. Watazamaji wachache waliobaki wakampigia makofi. Alikuwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza.

Maumivu yale tunayatambua, hata sisi tusiokimbia. Mwili wake unasema kitu ambacho wetu unakijua. Kila nikiitazama picha ile ya bendeji, koo hunikaba.