Ruzuku za mafunzo ya kazi Marekani: yanayosemwa na yalivyo

Jimbo la Marekani likitangaza mamilioni ya dola kwa ajili ya mafunzo ya kazi, watu huanza kuulizana fomu ya kuomba inapatikana wapi. Wanadhani fedha hizo hugawiwa mtu mmoja mmoja. Sivyo. Sehemu kubwa hutoka serikali ya shirikisho chini ya sheria ya mafunzo na ajira ya mwaka 2014 iitwayo WIOA, na kila jimbo hupata fungu lake kwa kanuni inayopima ukosefu wa ajira na umaskini. Gavana anaruhusiwa kubakiza asilimia 15 kwa shughuli za jimbo zima, na nyingi ya zinazobaki hushuka kwenye bodi za maeneo zinazosimamia mafunzo hayo. Kwa kawaida mwanafunzi hapewi fedha taslimu. Hulipiwa karo, tena kwenye chuo kilicho katika orodha iliyoidhinishwa na jimbo.

Bodi hizo nazo husemwa kuwa ni vikao vya maofisa wa serikali. Sheria inataka zaidi ya nusu ya wajumbe watoke kwenye biashara, na angalau asilimia 20 wawakilishe wafanyakazi, vikiwemo vyama vyao.

Dhana inayoumiza zaidi ni ile ya wanaoendesha mafunzo: kwamba ukishapata ruzuku, kazi yako ni kujaza darasa na kugawa vyeti. Tazama California. Tangu 1982 ina mfuko unaochangiwa na waajiri kwa kodi isiyozidi dola 7 kwa mfanyakazi kwa mwaka. Kwa kawaida anayefundisha huhesabiwa kuwa amestahili malipo pale tu mwanafunzi anapomaliza mafunzo na kudumu kazini siku 90. WIOA nayo hufuatilia kama mtu ana kazi katika robo ya pili na ya nne ya mwaka baada ya kutoka kwenye programu, na analipwa kiasi gani.

Kwangu mimi hili ndilo sharti bora kuliko yote, kwa sababu cheti kisicho na kazi kimempotezea maskini muda ambao hakuwa nao. Lakini lina hatari yake: mtoa mafunzo anaweza kuchagua wale ambao wangepata kazi hata bila yeye. Ndiyo maana malengo hurekebishwa kulingana na hali ya watu wanaohudumiwa, na wenye kipato kidogo hupewa kipaumbele kwenye mafunzo. Bodi isiyosimamia hayo mawili inawaacha nje wale wale ambao fedha zilitengwa kwa ajili yao.

Si kweli pia kwamba mafunzo haya ni ya wasio na kazi peke yao. Texas ina mfuko unaopitia vyuo vya jamii kuwanoa hata walioajiriwa tayari, na chini ya WIOA mwajiri anayemfundisha mtu mpya kazini anaweza kurudishiwa nusu ya mshahara anaomlipa mtu huyo, wakati mwingine hadi asilimia 75.

Na wahamiaji, tafadhali msijitoe wenyewe. Sheria inawataja wakimbizi na wenye ukaazi wa kudumu kuwa miongoni mwa wanaostahili. Ingia American Job Center, yaani ofisi ya huduma za ajira, iliyo karibu nawe ukiwa na hati zako: huduma za msingi ni bure, na hakuna atakayekuuliza kipato chako ili akusaidie kutafuta kazi.