Mdau ni nani? Neno dogo, mezani kuna pesa nyingi

Wiki ambayo kuna mswada wa afya bungeni, washa redio yoyote hapa Kisumu na utalisikia neno hili kabla taarifa haijaisha: wadau. Wadau wamekutana hotelini. Wadau wamepinga. Serikali imeahidi kuwahusisha wadau wote. Mama anayeuza omena soko la Kibuye, ambaye ndiye atakayelala kwenye kitanda kinachojadiliwa, ana jina lake tofauti. Yeye huitwa mwananchi.

Neno limetoka kwenye dau, zile pesa ambazo mchezaji huweka mezani kabla karata hazijagawanywa. Mdau basi ni mtu ambaye mambo yakienda mrama, kuna kitu chake kinachopotea. Kwa maana hiyo kila mgonjwa ni mdau, na kila mtu mzima wa afya ni mdau wa kesho. Lakini katika lugha ya ofisi neno limebanwa. Mdau amekuwa mtu mwenye barua ya mwaliko.

Dau lina maana nyingine pia, ile ya chombo cha majini, na Waswahili husema dau la mnyonge haliendi joshi, yaani halikwei upande upepo unakotoka. Sijui kama aliyesema hivyo alifikiria karata, ila methali inakubali maana zote mbili.

Kwa nini wengine hualikwa na wengine hawaalikwi? Fanya hesabu. Tuseme kanuni moja inapandisha dawa ya presha kwa shilingi 20. Mgonjwa wa Nyalenda ataguna, atalipa, ataenda zake. Hawezi kufunga kibanda na kupanda basi la usiku hadi Nairobi kwa ajili ya shilingi 20. Kampuni inayouza pakiti milioni moja inaona milioni 20, na kwa milioni 20 inaweza kumwajiri wakili, mchumi, na mtu anayejua mbunge gani hupokea simu saa ngapi. Hasara imegawanywa kwa watu wengi mpaka haimuumi mtu mmoja vya kutosha. Faida imekusanyika mahali pamoja. Ushawishi wa wafanyabiashara katika mageuzi ya afya huanzia hapo, hata kama hakuna mwovu chumbani.

Watu wakisikia ushawishi hufikiria bahasha ya kaki. Bahasha zipo, na hilo ni kosa la jinai. Ushawishi wenye nguvu zaidi hauihitaji. Unachohitaji ni karatasi iliyoandikwa vizuri, yenye takwimu na maneno ya kisheria tayari, imfikie karani wa kamati siku anapotafuta jinsi ya kukiandika kifungu.

Marekani wana mfano ambao hausahauliki. Mwaka 2003 Bunge lao lilipitisha sheria iliyoongeza dawa katika Medicare, bima ya serikali ya wazee. Ndani yake kulikuwa na kifungu kinachoikataza serikali kupatana bei na watengenezaji wa dawa. Mnunuzi mkubwa kuliko wote sokoni akaambiwa asiulize bei! Mmoja wa wabunge walioisukuma sheria hiyo alikuwa Billy Tauzin, mwenyekiti wa kamati iliyohusika. Mwanzoni mwa 2005 alikuwa amehamia kuongoza PhRMA, chama cha kampuni zilezile za dawa. Katazo hilo halikuanza kulegezwa mpaka sheria ya Agosti 2022, na bei za kwanza zilizopatanwa, za dawa kumi tu, zilipangiwa kuanza Januari 2026. Angalau Wamarekani, tangu sheria yao ya 1995, wana daftari ambalo washawishi wa kulipwa hujiandikisha na kutaja wanamfanyia nani kazi. Mtu wa Kisumu hana daftari kama hilo la kufungua.

Turudi nyumbani, maana hadithi yetu haikuanza na SHA, mamlaka ya sasa ya bima ya afya. Mwaka 2004 Waziri wa Afya, Charity Ngilu, alipeleka bungeni mswada wa bima ya afya ya jamii. Kila mtu angechangia kwa uwezo wake, na wasio na kitu wangelipiwa na serikali. Bunge liliupitisha Desemba mwaka huo. Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia sahihi.

Waliokuwa wameupinga ni pamoja na kampuni za bima na zile za kuuza huduma za tiba kwa waajiri, ambazo biashara yao ingemezwa. Waajiri nao hawakutaka mzigo mpya. Hazina Kuu iliuliza pesa zitatoka wapi, na swali hilo lilikuwa la haki. Ndiyo sababu visa hivi si rahisi kuvihukumu: hoja ya kweli na hoja ya mfuko hupanda gari moja. Matokeo yake ni kwamba NHIF, bima ya taifa ya hospitali iliyoanzishwa 1966, iliendelea karibu miaka 19 mingine bila mageuzi ya ukubwa ule.

Kisumu tulionjeshwa. Tarehe 13 Desemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alikuja hapa kuzindua majaribio ya afya kwa wote, kaunti nne tu: Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos. Ada zikaondolewa katika hospitali za umma na foleni za Russia, kama tunavyoiita hospitali ya rufaa ya Jaramogi kwa kuwa Wasovieti ndio waliosaidia kuijenga, zikarefuka. Kisha majaribio yakaisha.

Halafu Oktoba 2023 Rais William Ruto akatia sahihi sheria nne za afya kwa mpigo, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara sasa hukatwa asilimia 2.75 bila kikomo. Wa shilingi 100,000, aliyekuwa akilipa 1,700, hulipa 2,750. Asiye na mshahara hulipa kuanzia 300 kwa mwezi, ila mpango ulipoanza alitakiwa kulipa mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600 mkononi. Mtu wa boda pale Kondele hupata pesa kwa siku. Anayepanga sheria hulipwa mwisho wa mwezi, na hilo linaonekana waziwazi.

Mdau mpya kabisa katika sura hii ni mwenye kompyuta. Mapema 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, ilieleza kwamba mfumo wa kidijitali wa SHA, wa shilingi bilioni 104.8, si mali ya serikali inayoutumia. Zamani mwenye dau alikuwa na kitanda au dawa. Siku hizi anaweza kuwa na mlango ambao kila dai la malipo hupitia.

Nisiwaonee wenye hospitali binafsi. Wengi wao huku magharibi ni watu wenye vitanda ishirini na deni la benki, na serikali huwachelewesha. Februari 2025 chama chao, RUPHA, kilisimamisha huduma za SHA kwa sababu ya madeni, na nchi nzima ikasikia. Mgonjwa hana mgomo wa namna hiyo. Akigoma, anaumia mwenyewe.

Ibara ya 118 ya Katiba inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi, na vikao hufanyika kweli. Unakaa ukumbini, unapewa soda na dakika tatu, unaeleza jinsi mtoto alivyokosa dawa. Lakini namba zinazomgusa mgonjwa, kwa mfano shilingi 10,000 za kujifungua kwa kawaida na 30,000 za upasuaji, hazimo ndani ya mswada mnaoujadili. Zimo kwenye jedwali la viwango, ambalo waziri hulichapisha baadaye katika Gazeti Rasmi. Huko ndiko kila mwenye kitanda, mashine au dawa huandika barua kueleza kwa nini kiwango chake hakitoshi. Mama wa omena ana mengi ya kusema kuhusu ile 30,000 na kinachoongezwa juu yake dirishani, ila siku jedwali linapoandikwa, yeye yuko Kibuye anapima mikebe.