Troli si kila anayelalamika

Troli ni mtu anayeandika jambo asilolijali hata kidogo, ili wengine wapandwe na hasira na wapoteze muda wao. Basi, maana ndiyo hiyo. Haikugusa ukali wa lugha, ugeni, wala swali lililokwisha jibiwa mara kumi. Lakini kwenye miradi ya programu huria, zile ambazo yeyote anaweza kuzisoma na kuzirekebisha, neno hili limegeuzwa rungu. Mtu anafungua tiketi, yaani ripoti ya hitilafu kwenye ukurasa wa mradi, kwa hasira, "programu mbovu hii, imenifutia mafaili", anajibiwa "mpuuzeni, troli huyo", na tiketi inafungwa. Mwenye tiketi kapoteza mafaili. Troli hana alichopoteza.

Wengi hudhani jina limetoka kwa mazimwi ya ngano za Skandinavia. Sura ya zimwi imelishika kweli, lakini matumizi ya mtandaoni yana harufu ya uvuvi: kwa Kiingereza kitenzi hicho ni kukokota ndoana yenye chambo nyuma ya chombo kinachokwenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwenye alt.folklore.urban, kundi la majadiliano la Usenet (mtandao wa zamani wa mijadala), wenyeji walikuwa na mchezo wao. Mmoja anatupa mada iliyochakaa, au kosa la makusudi. Wenyeji wenzake wananyamaza, maana wanaijua mbinu. Mgeni anaparamia kusahihisha, kanasa. Kwa hiyo mvuvi alikuwa mwenyeji, na samaki alikuwa mgeni. Leo mwenyeji ndiye anayemwita mgeni troli, na hapo ndipo pananikera.

Kuwatofautisha si kazi ngumu. Uliza jambo moja linalojibika: toleo lipi, mfumo endeshi upi, hatua zipi zilileta hitilafu, na ujumbe wa kosa unasemaje neno kwa neno. Mwenye hasira atanung'unika mstari mmoja, kisha atabandika logi, yaani kumbukumbu za programu. Mgeni atauliza toleo linaonekana wapi; mpe amri yenyewe ya kuandika, maana "soma mwongozo" bila kutaja ukurasa ni kumfukuza kwa heshima. Troli hukwepa swali na kuhamisha mada: kutoka kwenye hitilafu hadi lugha ya programu mliyochagua, kutoka hapo hadi leseni, mwisho ni akili za wasimamizi. Mtazame anavyohama, sauti yake isikushughulishe. Wapo matroli wenye adabu kupita kiasi, wanaoomba ushahidi kwa upole, wakipewa wanaomba mwingine, siku nzima.

Anayetukana wachangiaji ni suala jingine, na huenda kila anachokisema anakiamini. Kanuni za maadili hupima kitendo na madhara yake, kwa hiyo hakuna haja ya kubishana kama ni troli au siye. Contributor Covenant, kanuni zilizoanza mwaka 2014 na ambazo Linux ilizikubali Septemba 2018, katika toleo lake la 2.0 zina ngazi nne: kusahihishwa faraghani, onyo, kufungiwa kwa muda, kufungiwa daima. Miradi mingi hunakili maandishi hayo na kuacha nafasi ya anwani ya malalamiko ikiwa tupu. Matokeo yake, aliyetukanwa hana pa kwenda ila kulalamika hadharani, na ugomvi unaanza upya ukiwa na watazamaji.

Kosa la kuita kila kero troli lina upande mwingine pia. Mwaka 2022 akaunti kadhaa zilimwandama msimamizi pekee wa xz, programu ya kubana mafaili, zikimlaumu kwamba anachelewa na kumshinikiza akabidhi madaraka, ilhali alikwisha kueleza kwamba afya yake ya akili haiko sawa. Msaidizi mpole aliyekuwa akituma viraka (marekebisho ya msimbo), kwa jina la Jia Tan, alipewa nafasi. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa siri ndani yake. Ulifichuka Machi 2024, mhandisi wa programu Andres Freund aliposhangaa kuona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kunachukua takriban nusu sekunde zaidi. Dawa ya troli ni kumnyima mwitikio, na dawa hiyo isingefaa hapa, kwa kuwa shinikizo linalenga mtu mmoja na ukimya wa wengine humwacha peke yake. Hapo wachangiaji wengine ndio wanaotakiwa kujitokeza na kujibu kwa niaba ya msimamizi kwamba ratiba ya mradi haipangwi kwa kelele.

Basi ukitaka kuandika "troli" chini ya tiketi ya mtu, jaribu kwanza kutaja alichofanya. Ripoti haina toleo? Weka lebo ya kusubiri maelezo. Swali limerudiwa? Bandika kiungo cha jibu la zamani. Kamtukana mchangiaji? Mwandikie faraghani, ukinukuu sentensi yenyewe. Na tiketi ikilazimika kufungwa, acha mstari mmoja unaotaja kilichopungua na kwamba akikileta itafunguliwa tena.