Kurejelea vyanzo: maana yake hasa ni nini?

Kurejelea chanzo ni kumwonyesha msomaji, palepale ulipotumia wazo, takwimu au maneno ya mtu mwingine, ni nani aliyeyatoa na yanapatikana wapi. Kazi hiyo ina sehemu mbili zinazotegemeana: rejeleo fupi ndani ya matini, na maelezo kamili katika orodha ya marejeleo mwishoni. Aliyetajwa ndani akosekane kwenye orodha, msomaji ameachwa njia panda.

Tuchukue makala ya Watson na Crick kuhusu umbo la DNA (molekuli inayobeba taarifa za urithi), iliyotoka katika jarida la Nature mwaka 1953. Umeandika kwamba molekuli hiyo ina nyuzi mbili zinazojiviringa kuuzunguka mhimili mmoja. Mitindo ya kurejelea ni mingi: kwa mtindo wa APA utafunga sentensi hiyo kwa (Watson na Crick, 1953). Kwa MLA utaandika (Watson na Crick 737), yaani ukurasa badala ya mwaka. Mitindo ya namba, kama IEEE, huweka [1] tu. Kwenye orodha ndipo yanapokuja majina, mwaka, kichwa cha makala, jina la jarida, juzuu la 171 na kurasa 737 hadi 738. Mtindo upi utumike? Chuo au jarida ndilo huamua. Hakikisha tu unafuata toleo linalotakiwa, maana kanuni hubadilika: katika toleo la 7 la APA, lililotoka mwaka 2019, kazi ya waandishi watatu au zaidi hutajwa kwa jina la mwandishi wa kwanza na “wenzake” tangu inapotajwa mara ya kwanza.

Wanafunzi wengi huhangaika na nukta na mikato, ilhali makosa mazito yako kwingine. La kwanza ni kuchukua aya ya mtu, kubadili maneno mawili matatu, kisha kuweka jina lake mwishoni na kuamini mambo yamekwisha. Huo bado ni wizi wa kitaaluma, kwa sababu sentensi ni zake na wewe umezitoa kama zako. Soma aya, funika ukurasa, andika ulichoelewa, ndipo ufunue na kulinganisha. Chanzo utakitaja hata hivyo, kwani wazo si lako. Ukitaka maneno yake kama yalivyo, yatie ndani ya alama za mtajo na utaje ukurasa. Yale yanayojulikana na kila mtu, kwa mfano kwamba maji yana hidrojeni na oksijeni, hayahitaji rejeleo.

La pili linanikera zaidi: kurejelea kazi ambayo hukuisoma. Unamsoma mtafiti wa leo, yeye ananukuu kazi ya zamani, nawe unairuka ya kwake na kuandika ile ya zamani kana kwamba uliishika mkononi. Kama alikosea, umelibeba kosa lake na kulipitisha mbele. Itafute kazi yenyewe. Ukiikosa, sema wazi kwamba umeipata kwa mwingine: “kama alivyonukuliwa na” fulani.

Tabia hii imezaa hata kivuli kisicho na mwenyewe. Mchapishaji mmoja mkubwa wa majarida aliweka katika mwongozo wake wa waandishi rejeleo la mfano: Van der Geer na wenzake, mwaka 2000. Makala hiyo haikuwahi kuandikwa. Mwaka 2017 mtafiti Anne-Wil Harzing alieleza kwamba ilikuwa imerejelewa karibu mara 400. Yaelekea wengi waliiacha tu isalie kutoka kwenye kiolezo cha mchapishaji huyo, na hakuna aliyeikagua. Siku hizi programu za akili mnemba nazo hutunga marejeleo yenye majina, mwaka na kurasa, yakaonekana safi kabisa, na ukiyatafuta huyapati.

Kwa hiyo kagua kila rejeleo moja moja. Makala nyingi za majarida zina DOI, namba ya kudumu inayoanza na 10. Iandike baada ya doi.org/ kwenye kivinjari na uone kama inafungua makala uliyoitaja. Kisha fungua ukurasa ulioutaja, uone kama mwandishi amesema kweli ulichodai amesema.